Baiskeli ya randoneri kwa barabara za Kusini: nimeanza na rimu

Mpango wangu wa kuundiwa randoneri, yaani baiskeli ya safari ndefu za kujitegemea, umefika mahali ambapo fundi wa fremu, aliye ng'ambo, anasubiri vipimo vya mwisho kabla ya kukata bomba la kwanza. Wengi walioniuliza habari za mpango huu huanza na rangi, kisha uzito, kisha bei. Kwangu mimi uamuzi wa kwanza ulikuwa ukubwa wa rimu, na uamuzi huo mmoja umeamua karibu kila kitu kilichofuata: breki, foko, giya, hata tundu la valvu. Nimechagua rimu ya inchi 26, kipimo ambacho wapenzi wa baiskeli hizi huko Ulaya na Marekani wangekiona cha kizamani, nami naamini kwa mtu anayeishi Mtwara hakuna kingine kinachokifikia.

Kwanza nieleze baiskeli yenyewe. Mwaka 1891 gazeti la Le Petit Journal la Ufaransa liliandaa mashindano ya kutoka Paris hadi Brest na kurudi, mwendo wa takriban kilomita 1,200, na Charles Terront akashinda kwa muda wa saa 71 na ushei. Safari hiyo bado ipo, ingawa siku hizi si mashindano bali ni mtihani wa uvumilivu ambao mwendeshaji anatakiwa kuumaliza ndani ya saa 90. Hufanyika kila baada ya miaka minne, na ya mwisho ilikuwa mwaka 2023. Anayetaka kushiriki hutanguliza safari za kilomita 200, 300, 400 na 600, ambazo ukomo wake ni saa 13 na nusu, saa 20, saa 27 na saa 40. Kanuni yake kuu ni kwamba mwendeshaji anajitegemea: hakuna gari linalomfuata lenye magurudumu ya akiba, na msaada wa watu wake mwenyewe unaruhusiwa kwenye vituo vya kugonga muhuri peke yake. Kutokana na kanuni hiyo ilizaliwa baiskeli ya namna yake, yenye madigadi, taa zisizotegemea betri, mkoba mbele ya usukani, na tairi pana kuliko la mashindano. Katika miaka ya 1930 na 1940 Wafaransa waliwashindanisha hata mafundi: baiskeli zao zilipitishwa milimani kwenye njia mbovu, zikakatwa alama kwa kila kilicholegea au kuvunjika. Mtazamo huo wa kuipima baiskeli kwa kile kinachobaki kimekaza baada ya njia mbovu ndio ulionivuta zaidi, kuliko hata safari za Paris.

Njia za kwetu zinaingia vizuri katika vipimo hivyo. Kutoka Mtwara mjini kupitia Mikindani hadi Lindi na kurudi ni zaidi kidogo ya kilomita 200. Ukifika Mnazi Mmoja ukaiacha njia ya Lindi na kushika ya Mtama, Nyangao na Ndanda hadi Masasi, kisha ukarudi, unakaribia kilomita 400. Dar es Salaam iko takriban kilomita 560 kwa barabara, na kwa kuzungukazunguka kidogo mtu anaikamilisha ile ya 600. Hiyo ya Dar nimeipangia miezi ya Juni hadi Agosti, wakati wa kiangazi ambapo kusi huvuma kutoka kusini mashariki na kumsukuma mgongoni anayeelekea Kilwa na Rufiji. Kurudi nitapanda basi. Kupambana na kusi kwa kilomita mia tano si jambo ninaloona haja ya kumthibitishia mtu yeyote.

Sasa nirudi kwenye rimu. Maneno "inchi 26" na "inchi 28" yanachanganya watu, kwa hiyo ni salama zaidi kutaja kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu, kwa milimita. Baiskeli zetu za Phoenix za inchi 28 hutumia 635. Baiskeli za mashindano hutumia 622, nazo pia huitwa za inchi 28 na baadhi ya wauzaji, lakini tairi la moja halikai kwenye rimu ya nyingine. Randoneri nyingi zinazoundwa leo Marekani na Ufaransa hutumia 584, kipimo cha Kifaransa ambacho kilikaribia kusahaulika kabla ya kufufuliwa. Inchi 26 ya baiskeli za milimani, zile zinazotufikia kwa wingi kama mtumba, ni 559.

Sifa ya 584 ni ya kweli. Inaruhusu tairi la milimita 42 pamoja na madigadi bila kuifanya baiskeli iwe ndefu kupita kiasi, na tairi la upana huo lenye kuta laini linapita juu ya kokoto na matuta bila kumpiga mtu mikononi. Hesabu ndogo, hata hivyo, inaonyesha kwamba 559 inafika karibu palepale. Rimu ya 584 yenye tairi la milimita 42 inatoa gurudumu la kipenyo cha milimita 668. Rimu ya 559 yenye tairi la milimita 48 inatoa 655. Tofauti ni milimita 13, na badala yake ninapata tairi pana zaidi, ambalo kwa barabara ya vumbi kutoka kijiji hadi kijiji, au kwa mchanga wa pwani, ni faida tupu. Tairi nzuri za milimita 48, nyepesi na laini, bado zinatengenezwa kwa rimu ya 559, nami nitaagiza jozi mbili kwa pamoja.

Yote hayo lakini si hoja yenyewe. Hoja yenyewe aliitoa fundi wangu wa baiskeli wa hapa mjini, mtu ambaye hajawahi kusikia habari za Brest na hana mpango wa kuzisikia. Nilipomwonyesha picha ya gurudumu la 584 aliligeuza gurudumu lililokuwa mikononi mwake, akauliza, "Mwalimu, hilo tairi likichanika Nangurukuru utalipata wapi?" Nikamjibu kwamba nitabeba la akiba. Akasema, "Na la akiba nalo likichanika?" Sikuwa na jibu, kwa sababu jibu ni kwamba ningekaa kando ya barabara hadi mtu anitumie tairi kwa ndege kutoka Ulaya. La inchi 26 nitalikuta Masasi, Lindi na Kilwa Masoko. Litakuwa zito, lenye meno ya kupandia milima na mpira mgumu, lakini litanifikisha. Kwa safari ambayo msingi wake ni kujitegemea, kuchagua gurudumu linalomfanya mtu amtegemee muuzaji wa bara jingine ni kukiuka sheria kabla hata ya kuanza. Mwezi Mei 2024, baada ya mvua za Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika eneo la Somanga na magari yakakwama pande zote mbili. Katika siku za namna hiyo, baiskeli inaishi kwa vilivyomo ndani ya maduka ya huku kwetu.

Mtu atauliza kwa nini basi nisichukue 635 ya Phoenix, ambayo tairi lake linauzwa hata mahali ambapo soda haiuzwi. Nilifikiria. Tatizo ni kwamba tairi nyepesi za kipimo hicho ni adimu sana, rimu zake nyingi ni za chuma ambacho breki haikishiki vizuri kikilowa, na tairi pana zaidi ya milimita 40 halipatikani. Kwa kubeba gunia la korosho hadi chama cha msingi sina neno nayo. Kwa kilomita 400 bila kulala, hapana.

Baada ya rimu kukaa mahali pake, mengine yalikuja haraka. Tundu la valvu litatobolewa kwa kipimo kikubwa, milimita 8.5, ili lipokee valvu nene kama ya pikipiki na gari. Mafundi wa fremu huko nje hupenda valvu nyembamba, lakini kila kijiwe cha bodaboda kati ya hapa na Rufiji kina mtu mwenye pampu au kompresa ya valvu nene, na tyubu ya valvu nyembamba ikilazimu bado inaweza kupita kwenye tundu kubwa, ilhali kinyume chake hakiwezekani. Spoku zitakuwa 36 mbele na 36 nyuma, za milimita 2, na fundi wangu ndiye atakayesuka magurudumu. Waingereza walizoea kuweka spoku 32 mbele na 40 nyuma kwenye baiskeli zao za kazi, na kwa mantiki walikuwa sahihi, kwa kuwa gurudumu la nyuma ndilo linalobeba mtu. Ila habu na rimu za namna hiyo leo ni shida kuzipata katika ubora ninaoutaka.

Breki zitakuwa za kubana rimu, za mikono miwili inayokaa kwenye vishikizo vilivyolehemiwa kwenye foko na fremu. Hapo ndipo uamuzi wa rimu unapofunga mlango kabisa, kwa kuwa vishikizo vikishawekwa kwa 559 haiwezekani tena kubadili na kuweka 622, jambo ambalo breki za diski zingeliruhusu. Nimeukubali ufungwa huo. Vipande vya mpira vya breki za rimu vinauzwa sokoni pamoja na viraka na solusheni, wakati vya diski sijaviona katika duka lolote la baiskeli mjini kwetu. Faida nyingine ni kwamba foko isiyobeba diski inaweza kuwa nyembamba chini na kunyumbuka, na huo mnyumbuko mdogo ndio unaopunguza mtetemo kwa mikono inayoshika usukani kuanzia alfajiri hadi usiku.

Foko ndiyo sehemu niliyoandikiana sana na fundi wa fremu. Randoneri hubeba mzigo wake mbele, katika mkoba wa kilo tatu hadi tano juu ya gurudumu, ili chakula, koti la mvua na simu vifikike bila kushuka. Mzigo huo hubadilisha tabia ya usukani. Kama mstari wa shingo ya fremu ungeendelea hadi ardhini, ungegusa mbele kidogo ya mahali tairi linapokanyaga, na umbali kati ya nukta hizo mbili ndio unaoamua jinsi gurudumu linavyojinyoosha na jinsi linavyoyumba. Baiskeli nyingi za madukani zina umbali wa milimita 55 hadi 60, nao unafaa kwa baiskeli isiyo na mzigo mbele. Ukiweka mkoba mzito juu yake, usukani unakuwa mzito na, kwa mwendo mdogo wa kupanda mlima, baiskeli inaangukia huku na huku. Mafundi wa Kifaransa waliupunguza umbali huo kwa kuipinda foko zaidi kuelekea mbele. Kwa gurudumu langu la milimita 655 na shingo yenye pembe ya digrii 73, foko yenye mbetuko (kule kupinda kwake kuelekea mbele) wa milimita 45 inatoa umbali wa takriban milimita 53, ilhali ya milimita 60 inatoa takriban 37. Nimechagua 60. Fundi alipendekeza 65, ambayo ingeshusha hadi karibu 32, akisema mkoba uliojaa ungeupenda zaidi, lakini mimi nitaitumia baiskeli hii pia kwenda kazini bila mkoba, na usukani mwepesi kupita kiasi katikati ya bajaji za asubuhi haunivutii.

Usukani utakuwa ule uliopinda chini kama pembe za kondoo. Watoto wa mtaani kwetu wataucheka, najua. Faida yake si kasi: unatoa mahali patatu au panne pa kushika, na kiganja kilichokaa mahali pamoja saa kumi hufa ganzi. Nitauweka usawa wa kiti, si chini yake.

Kuhusu giya nitasema machache. Mbele kuna meno 46 na 30, nyuma kaseti, yaani rundo la giya, ya vipande 8 yenye meno 11 hadi 34. Giya nyepesi kabisa inasogeza baiskeli mita 1.8 kwa mzunguko mmoja wa pedali, maana yake kwa mizunguko 60 kwa dakika ninakwenda kilomita 6.5 kwa saa, mwendo wa kutosha kuupanda ukingo wa uwanda wa Makonde kutoka upande wa Masasi kwenda Newala bila kushuka na kusukuma. Vipande 8 badala ya 12 ni kwa sababu cheni yake ni pana, inadumu, na ikikatika inaunganishwa na ya baiskeli yoyote ya mtumba yenye vipande 6 au 7. Vibadilishi vya giya vitakuwa vya msuguano, bila hatua za kubofya, kwa sababu hivyo havijali gurudumu la nyuma limetoka wapi. Habu ya nyuma iwe ya kaseti na si ya friwili inayosokotwa kwenye habu, kwa maana ya friwili huacha ekseli ikiwa imetokeza mbali na gololi zake upande wa cheni, na ekseli hizo hupinda zikibebeshwa.

Taa sina mjadala nazo. Kwetu jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima, hivyo safari ya kilomita 300 ni lazima iguse usiku, na barabara ya Masasi hadi Mtwara inapitwa na malori ya makaa ya mawe yanayotoka Ruvuma kwenda bandarini, achilia mbali yale ya korosho msimu unapofunguliwa mwezi Oktoba. Dinamo itakuwa ndani ya habu ya mbele, ya volti 6 na wati 3, ikiwasha taa ya mbele na ya nyuma, na mchana ikichaji simu kupitia kifaa kidogo cha kubadilisha umeme. Dinamo ya zamani ya kusugua tairi inateleza kwenye tope, na tope ndilo tulilonalo tele kuanzia Desemba hadi Aprili. Kwa ajili ya tope hilohilo nimeagiza nafasi ya milimita 20 kati ya tairi na madigadi. Wafaransa huridhika na nusu yake, lakini wao hawajaendesha kwenye udongo mwekundu wa Tandahimba siku ya mvua, ambao hushika kila kitu na kukwamisha gurudumu mahali pake.

Fremu itakuwa ya chuma, mabomba ya kipenyo cha milimita 28.6 yenye unene wa milimita 0.8 mwishoni na 0.5 katikati, yameunganishwa kwa viungio na shaba. Nimechagua chuma kwa sababu ileile ya tairi. Mchomeleaji mwenye mtungi wa gesi na fimbo ya shaba anaweza kuiziba nyufa ya chuma popote. Ya aluminiamu ataitazama tu. Adui wa chuma hapa ni bahari. Hewa ya chumvi ya Mtwara hula hata misumari ya bati, na kutu ya fremu huanzia ndani ya mabomba, kusikoonekana. Nimeomba tundu dogo la kutoa maji chini ya ekseli ya pedali, na kabla ya kufunga chochote nitamimina mafuta ndani ya kila bomba na kuizungusha fremu hadi yakolee. Jirani yangu mvuvi alinishauri nitumie sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa majahazi. Sina shaka yanazuia maji. Shaka yangu ni kama nitaruhusiwa kuiingiza baiskeli ndani ya nyumba baada ya hapo, kwa hiyo nitatumia mafuta ya kitani.

Karia ya mbele ataitengeneza mchomeleaji wa hapahapa. Alitaka kutumia nondo ya milimita 8, ambayo uzito wake ni takriban gramu 395 kwa mita, na karia ikihitaji mita mbili ingefika karibu gramu 800. Bomba la chuma la milimita 10 lenye unene wa milimita 1 lina takriban gramu 222 kwa mita na kwa kazi hii ni gumu zaidi kupinda kuliko nondo. Tatizo lake ni kulikunja bila kulibonyeza, kwa hiyo tumekubaliana alijaze mchanga mkavu kwanza na kuziba ncha zote mbili.

Kilichobaki ni mahali pa chupa za maji. Kwa joto la huku chupa mbili ndogo hazitoshi, na kati ya vijiji vingine ni mbali. Nataka pande zote mbili za ndani zipokee chupa ya lita moja na nusu, ile inayouzwa kila duka, na ya tatu chini ya bomba la mbele. Fundi wa fremu anasema bomba la kiti la sentimita 56, linalolingana na urefu wangu, litabana chupa ya pili iguse bomba la juu, na anapendekeza atelemshe vishikio kwa sentimita mbili. Nimeomba mchoro kabla ya kukubali. Wakati naungojea, rimu na spoku ziko njiani, na habu ya dinamo imeshafika. Fundi wangu wa mjini ataanza kusuka gurudumu la mbele hata kabla fremu haijakatwa.